Maswali ya Wasomaji: Watunzi wanne, bendi moja, pesa ya nani?

SWALI: Shikamoo mzee. Sisi ni watunzi wanne hapa Tabora mjini. Mwenzetu wa Ng'ambo anapiga zeze, mimi gitaa kavu, wawili wanaimba na kutikisa manyanga, mmoja wao katokea kwaya ya kanisani. Kila mtu alikuwa na nyimbo zake daftarini, tukaona tuungane tupige muziki wa asili wa Kinyamwezi. Mazoezi yanakwenda vizuri. Ugomvi ulianza tulipolipwa kwenye harusi moja: yule ambaye nyimbo zake ndizo zilipigwa nyingi zaidi akadai fungu kubwa. Sasa tunataka kurekodi, jina la mtunzi liandikwe la nani? Halafu wawili wanataka Kinyamwezi kitupu, wawili wanasema bila Kiswahili hatufiki popote. Na zeze na gitaa havielewani sauti. Tusaidie.
Mpiga gitaa, Isevya

JIBU: Marahaba mwanangu. Naanza na pesa, maana hayo mengine hayavunji bendi haraka hivyo.

Mmechanganya fedha za aina mbili. Ile ya harusini ni ujira wa kupiga. Mwenye zeze alikesha, waimbaji walikauka koo, na wewe vidole viliuma. Hakuna aliyekesha zaidi kwa sababu wimbo ni wake. Toeni nauli ya bodaboda, toeni akiba ya nyuzi, kinachobaki mgawane sawasawa usiku uleule, wote mkiwepo. Pesa ya bendi isilale mfukoni mwa mtu mmoja, hata awe mlokole. Fedha ya utunzi ni nyingine kabisa. Hiyo huja wimbo ukisharekodiwa na kuanza kutumiwa na watu, na hiyo ndiyo yenye mwenyewe.

Mwenyewe ni nani? Aliyeleta maneno na sauti vimekamilika, wimbo ni wake, hata kama gitaa lako ndilo lililoupendezesha. Aliyeleta beti mbili, kisha kiitikio mkakipata pamoja mazoezini, basi mna watunzi zaidi ya mmoja. Nunueni kaunta buku, muandike siku hiyohiyo: jina la wimbo, nani kaleta nini, nani ana fungu gani, wote wanne mtie saini. Fanyeni hivyo wimbo ukiwa bado hauna thamani. Ukishapendwa, kila mmoja atakumbuka kuwa yeye ndiye aliyeuanzisha. Mkimaliza, sajilini kazi zenu COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, na bendi yenyewe mkaisajili BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Msiseme ni mambo ya wakubwa wa Dar es Salaam. Kwa sheria yetu hakimiliki hudumu uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Mkiwa watunzi wawili, inahesabiwa tangu afe wa mwisho. Wajukuu wenu wamo humo.

Kuna fungu la tatu hukuliuliza, nami sitaliacha. Nyimbo za ngoma za manyanga na za ngoma ya Hiari ya Moyo mlizozisikia kwa wazee wenu si za yeyote kati yenu. Kwenye hizo andikeni "wimbo wa jadi", kisha mtaje kwamba mpangilio ni wa bendi. Mtu akijiandika mtunzi wa wimbo ambao bibi yake aliuimba akitwanga, mimi nitakuwa wa kwanza kumsema hapahapa.

Kuhusu kazi yenyewe ya kuungana, mimi nina kanuni moja tu. Mwenye wimbo ana kauli ya mwisho juu ya maneno. Juu ya mapigo, kasi na nani aingie wapi, kauli ni ya wale watatu wengine. Mtunzi akishika vyote viwili, wenzake wanakuwa vibarua wake. Na mji wenu si mgeni wa mambo haya. Umetoa bendi za Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, na watunzi walihama bendi moja hadi nyingine. Mwanamuziki Shem Karenga mwenyewe alianzia Kigoma, kwenye bendi ya Lake Tanganyika Jazz, kabla ya kuja kwenu kung'ara na Tabora Jazz.

Lugha isiwagombanishe. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma, akina Diamond Platnumz, Mwasiti na Linex, walikusanyika kwa jina la Kigoma All Stars wakatoa "Leka Dutigite". Jina hilo ni Kiha, lugha ya Kigoma, na watu wasiojua hata salamu ya Kiha walilitamka bila shida. Kwa hiyo wekeni Kinyamwezi kwenye kiitikio, pale panaporudiwa, Kiswahili kibebe kisa. Ila wale wenzetu walikutana kwa wimbo mmoja, kisha kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Ninyi mnataka bendi, ndiyo maana nimewachosha na kaunta buku.

Zeze sasa. Kosa ni kulilazimisha lifuate gitaa. Mwimbaji atafute kwanza sauti inayomkaa kooni, zeze likazwe hapo, kisha wewe ufuate kwa kukaza au kulegeza nyuzi zako, au ununue kapo, kile kibanio cha shingo ya gitaa cha kupandisha sauti. Kazeni palepale mtakapopigia, si nyumbani. Likilegea katikati ya shughuli, manyanga na sauti viendelee vyenyewe huku mwenzenu akilikaza. Wazee wa Tabora hapo ndipo watakapoinuka kucheza.