Maswali yenu kwa mwandishi asiyeamini Mungu

Katika toleo lililopita niliandika, kwa mara ya kwanza tangu nianze safu hii, kwamba siamini kuwa kuna Mungu. Sikuandika hivyo kwa kutafuta ugomvi. Msomaji mmoja alikuwa ameniuliza waziwazi, nami sikuona njia ya heshima ya kumkwepa. Barua zimekuja nyingi, nyingine za kunionea huruma, nyingine za kunikemea, na chache za kunilaani. Nimechagua tano na kuzifupisha bila kugusa maana yake. Wapo walioniita mpagani na wapo walioniita mkana Mungu. Jina la kwanza silikubali, kwa kuwa wazee wetu walioitwa hivyo na wageni walikuwa na ibada zao na waliamini sana. La pili nalipokea kwa shida, maana anayekana hukataa kitu anachokijua. Niiteni asiyeamini, inatosha.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mvuvi wa dagaa, mwalo wa Kayenze, Ziwa Victoria. Mwaka juzi radi ilimuua mwenzetu ndani ya mtumbwi tukiwa wanne, na kwao wakasema imetumwa na jirani yao, mama mmoja mzee waliyekuwa wakigombania naye mpaka wa shamba. Wewe usiyeamini Mungu wala uchawi, unadhani radi ilimchaguaje yeye?

Marahaba, na pole sana kwa msiba huo. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu katika barua zote yako ndiyo iliyoninyima usingizi.

Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa iliyo juu ya nchi hupanda, na upepo wa ziwani huja kujaza nafasi yake, ndiyo maana mvua za radi za alasiri mara nyingi huwapiga watu wa Misungwi au Magu huku katikati ya ziwa kumetulia. Usiku mambo hugeuka. Nchi hupoa, maji yanabaki na joto lake, na upepo huanza kuvuma kutoka pwani zote kuelekea ndani ya ziwa, ambako pepo hizo hukutana zikakosa pa kwenda isipokuwa juu, zikiwa zimebeba unyevu wa ziwa lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800. Hewa hiyo ikipanda hupoa na kuwa mawingu marefu, na ndani ya mawingu hayo chembe za barafu hugongana mpaka umeme unajikusanya na kutafuta njia ya kushuka. Ziwa letu, nyakati za usiku, ni miongoni mwa mahali penye radi nyingi kuliko kwingi duniani.

Sasa fikiri ninyi huingia ziwani saa ngapi. Mvuvi wa dagaa hutoka jioni, tena hutoka siku za giza, kwa kuwa mbalamwezi ikiwaka dagaa hawazifuati karabai. Mnafika mbali saa zile zile pepo zinapokutana. Juu ya maji hakuna mti wala paa, na kitu kirefu kuliko vyote kilichopo ni mlingoti, au mtu aliyesimama kuvuta wavu. Huenda mwenzenu alikuwa amesimama nanyi mmeinama. Sikuwapo, kwa hiyo siwezi kusema zaidi, lakini wewe ulikuwapo na unaweza kukumbuka.

Ninayemhofia ni huyo mama. Katika Usukuma wetu vikongwe wameuawa kwa tuhuma za namna hii, na mara nyingi ushahidi pekee uliotajwa ni macho mekundu. Bibi yangu mzaa mama alikuwa nayo. Alipika kwa kuni mbichi na mavi makavu ya ng'ombe ndani ya nyumba isiyo na dirisha tangu alipoolewa, na jioni, kabla ya kugusa ugali, alikuwa akiyafuta macho kwa upindo wa khanga na kugeuza uso pembeni, maana hata mwanga wa koroboi ulimuumiza. Moshi ulifanya kazi hiyo kwa miaka hamsini. Nakuomba, kama ndugu, uende kwa familia ya marehemu na kuwaeleza habari za pepo za usiku kama nilivyokueleza, tena uende nao wale wenzako wawili. Na kabla hamjaingia ziwani, sikilizeni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, maana hutolewa na kwa ziwa pia.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita, naishi Nyegezi. Darasani tunafundishwa mageuko ya viumbe, na kwenye mikutano ya vijana kanisani tunaambiwa hakuna aliyewahi kuona kiumbe kikigeuka kuwa kingine. Nani anasema kweli? Na je, lazima niache dini ndipo niwe mwanasayansi?

Mwanangu, unaishi kando ya mojawapo ya mahali bora duniani pa kujifunzia swali hilo. Chukua furu, yule samaki mdogo ambaye watoto humvua kwenye mawe na ambaye mnunuzi wa sangara pale Mwaloni hamtazami mara mbili. Ziwa hili lilikuwa na aina zake zipatazo 500, karibu zote hazipatikani kwingine. Nao watafiti waliotoboa matope ya sakafu ya ziwa walikuta, chini ya matope laini, tabaka gumu la ardhi iliyowahi kukauka, lenye mabaki ya mizizi. Takriban miaka 15,000 iliyopita mahali tunapovua palikuwa nchi kavu. Mababu wa furu walikuwa wa kale zaidi, wa koo zilizochanganyikana katika mito na maziwa ya jirani, lakini sehemu kubwa ya utofauti wanaoonyesha leo imetokea tangu maji yaliporudi. Kwa hesabu ya miamba huo ni muda wa kufumba na kufumbua.

Kuna furu wawili ningependa uwaone kwa macho yako. Jamii yao inaitwa Pundamilia, kwa Kiswahili chetu, na mmoja wao amepewa jina la nyererei kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Dume la nyererei ana mgongo mwekundu na hukaa kwenye kina kirefu kidogo. Ndugu yake ana rangi ya kijivu cha bluu na hukaa karibu na uso wa maji. Maji ya ziwa huchuja mwanga, na kadiri unavyoshuka ndivyo wekundu unavyobaki na bluu inavyopotea, hivyo jike wa chini huvutwa na dume mwekundu na jike wa juu huvutwa na dume wa bluu. Katika kisiwa cha Makobe, kwenye maji maangavu, makundi haya mawili hayachanganyiki. Huku ndani ya Ghuba ya Mwanza, kwenye kisiwa cha Luanso ambako maji ni machafu na rangi hazionekani vizuri, wamechanganyikana wakawa kundi moja. Kwa hiyo ukiambiwa hakuna aliyewahi kuona, jibu ni kwamba watu wamekuwa wakiona kwa nyavu na daftari tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, watafiti wa Uholanzi walipoanza kazi katika ghuba hiyo hiyo unayoiona ukiwa nyumbani. Nao walifika mapema vya kutosha kushuhudia pia hasara, kwa sababu sangara aliyeletwa ziwani katika miaka ya 1950 aliongezeka mno miaka ya 1980, na aina nyingi za furu zikapotea kabla hazijapewa majina. Ninaumia kila ninapoliandika hili.

Swali lako la pili ni jepesi zaidi: hapana, si lazima. Kanuni za urithi wa viumbe ziligunduliwa na Gregor Mendel, mtawa Mkatoliki aliyepanda njegere kwenye bustani ya monasteri yake huko Brno na kuchapisha matokeo mwaka 1866. Fikra kwamba ulimwengu mzima ulianza katika hali ndogo na kupanuka ilitolewa na Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji. Na hesabu ya Mendel inatuhusu sisi wa Kanda ya Ziwa kwa namna ya pekee. Mtoto mwenye ualbino huzaliwa pale anapopokea jeni yenye hitilafu kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, na wazazi hao wote wawili wanaweza kuwa weusi wasiojua kwamba wanaibeba. Kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne. Mama huyo hakuzini na mzungu wala hakulaaniwa, na viungo vya mtoto wake havina utajiri ndani yake. Laiti somo la njegere lingefika katika kila kijiji chetu kabla ya waganga waliotuma watu na mapanga.

Nilimzika mwanangu mwaka huu. Kila aliyekuja kunipa pole aliniambia kazi ya Mungu haina makosa, na ni neno hilo lililonisimamisha. Wewe ungeniambia nini? Kwa nini unataka kutunyang'anya hata hilo? Mama, Igogo.

Mama, pole. Ningekaa nawe mkekani, nisiseme kitu. Ningekuuliza jina lake na alichopenda kula, kama ungetaka kusema. Neno lililokusimamisha ni lako, na mtu asikunyang'anye, nikiwemo mimi.

Lakini kwa kuwa umeniuliza kwa unyoofu, nitakuambia mahali ninapolikataa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kufika Ukara. Kilikuwa na kibali cha kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Miaka 22 kabla yake, tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa karibu kuingia bandari ya Mwanza, nayo ikiwa imejaza kupita kiasi, na makaburi ya wengi wao yako pale Igoma. Mfiwa akisema kazi ya Mungu haina makosa, analia, na kilio hakipingwi. Aliyepaswa kuhesabu abiria gatini akisema maneno hayo hayo, anafunga faili. Baada ya hapo hakuna tena wa kuuliza nani alikata tiketi ya mtu wa 102, na kivuko kinachofuata kinaondoka vile vile. Sisi waandishi tumeliandika neno hilo mara nyingi katika habari za ajali, mimi mwenyewe nikiwa mmoja wao nilipokuwa kijana, na sitaliandika tena.

Nimeulizwa pia, katika barua nyingine, mbona walionusurika wanamshukuru Mungu. Wanayo haki ya kushukuru. Mimi nikiwasikia huwakumbuka waliosali kwa nguvu zile zile ndani ya chombo kile kile, na sijapata mtu wa kunieleza tofauti yao kwa namna niliyoweza kuikubali. Hapo ndipo imani yangu iliponitoka, polepole, bila uchungu na mtu yeyote.

Bila Mungu nini kinakuzuia kuiba au kuua? Na nchi hii ni ya Mungu, ndiyo maana wimbo wa taifa unaanza kwa kumtaja. Msomaji, Ilemela.

Kinachonizuia kumwibia mama muuza nyanya wa Mabatini ni kwamba namjua, na najua watoto wake wanakula kwa nyanya zile. Ninyi waamini nanyi, nikiwatazama mnavyoishi, mnazuiwa na jambo hilo hilo zaidi kuliko na hofu ya moto. Kuhusu nchi, Ibara ya 3 ya Katiba inasema Jamhuri ya Muungano haina dini, na Ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa mawazo na imani, pamoja na uhuru wa kubadilisha imani yake. Sensa zetu hazijauliza dini ya mtu tangu ile ya 1967, na nadhani ni busara iliyotuokoa na mengi. Wimbo wa taifa nasimama na kuuimba wote.

Wala sisemi dini hazijafanya kitu. Hospitali ya Bugando ilijengwa kwa juhudi za Kanisa Katoliki na ikafunguliwa mwaka 1971, na nilipolazwa huko sista aliyekuja usiku kunibadilishia dripu alinishika paji la uso kuona homa, kisha akaniombea kwa sauti ndogo. Nilimshukuru kwa moyo wote.

Ndugu mwandishi, mimi ni mzee mwenzako, Buhongwa. Swali langu ni moja. Ukifa utazikwa na nani?

Mzee mwenzangu, hilo hata mke wangu ameniuliza. Yeye ni Mlutheri na ataendelea kuwa hivyo, nami humsindikiza hadi mlangoni siku za Pasaka. Nimeandika kwamba nisisomewe ibada, ila dada yangu akitaka kusali kaburini asizuiwe, kwa kuwa sala hiyo itakuwa yake. Wanaobaki ni mtaa. Tuna chama chetu cha kufa na kuzikana, Waislamu, Wakristo, na mzee mmoja anayeendelea kutambikia mababu zake kama alivyofunzwa na baba yake. Kila kaya hutoa shilingi 3,000 kwa mwezi, na daftari letu lina safu ya jina, namba ya nyumba na malipo, basi. Msiba wa mwisho ulikuwa wa shekhe. Nilibeba jeneza kwa zamu kama wengine hadi makaburini, na jioni nikarudi kuhesabu viti, kwa sababu mimi ndiye ninayetunza ufunguo wa stoo.