Eti SQL Si Lugha ya Kuprogramu?

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii. Anajifunza SQL, lugha ya kuuliza na kubadilisha data iliyo kwenye hifadhidata, na rafiki yake kamwambia hiyo si lugha ya kuprogramu, aachane nayo aanze lugha ya C. Afanyeje? Damu ilinichemka, maana maneno hayo nimeshaambiwa mbele za watu.

Nilianzia kwenye fomula za Excel, nikahamia SQL. Siku moja kiongozi wa timu yetu alinitambulisha kwa wageni: "Huyu si programa, ni mtu wa majedwali." Wakacheka, nami nikajichekesha. Baadaye ripoti ya mwisho wa mwezi ikawa haikamiliki hadi alfajiri, kwa sababu programu yake ya Java ilivuta rekodi moja moja kutoka kwenye hifadhidata. Niliiandika upya kwa amri moja ya SQL, ikawa inaisha kwa dakika chache. Hakusema hata ahsante. Bado inaniuma, nisiwadanganye.

Wapenda mipaka hukimbilia kipimo kilichotokana na kazi ya mwanahisabati Alan Turing ya mwaka 1936: lugha ya kweli iweze kueleza hesabu yoyote ambayo mashine inaweza kuifanya. Haya, tupime. SQL ilipewa maulizo yanayojirudia, yaani yanayojiita yenyewe, katika kiwango chake rasmi cha mwaka 1999, ikapita. Excel nayo ilipita ilipopata LAMBDA, inayokuruhusu kutunga fomula yako inayoweza kujiita yenyewe. Agda, lugha ya kuandikia programu na uthibitisho wa hisabati, kinyume chake, hudai kila kitendaji (kipande cha programu kinachopokea thamani na kurudisha jibu) kithibitike kuwa kitafika mwisho, kwa hiyo kwa kipimo hicho inaanguka. Lakini nani atathubutu kumwambia profesa anayeitumia kwamba haprogramu? HTML kweli si lugha ya kuprogramu. Inaeleza ukurasa wa wavuti ulivyopangwa, haiamui kitu. Hilo si tusi.

Dharau hizi ni za zamani. Lugha ya Fortran ilipotoka mwaka 1957, waliozoea asembli, lugha iliyo karibu kabisa na ya mashine yenyewe, walitilia shaka kama mashine ingeweza kuzalisha msimbo wa kushindana na wao. JavaScript, lugha ya kurasa za wavuti ambayo Brendan Eich aliitunga kwa siku 10 mwaka 1995, iliitwa mchezo wa watoto kwa miaka.

Kwa hiyo ndugu zangu, acheni kuomba ruhusa ya kuitwa maprograma! Ukishazoea JOIN ya kuunganisha majedwali, ingia WITH RECURSIVE, yale maulizo yanayojirudia, uchore mti wa wafanyakazi na wakubwa wao. C jifunze ukitaka kujua kumbukumbu ya kompyuta inavyogawanywa. Na huyo rafiki yako mwambie auandike mti huohuo kwa C, halafu mlinganishe nani kamaliza kwanza.