Jino jipya limeota nyuma ya la zamani

SWALI: Hujambo daktari? Binti yangu ana miaka 6 na nusu. Meno mawili ya mbele, ya chini, yameota upande wa ulimi na yale ya utotoni bado yapo. Nyanya yake anataka tuyafunge uzi tuyang'oe. Tena hayo mapya ni ya manjano, yana madoa meupe. Tunakunywa maji ya kisima. – Mama, Njoro

JIBU: Mama, uzi hapana. Jino la utotoni hulegea kwa sababu la kudumu, linapopanda, huyeyusha mzizi wake kidogo kidogo. La kudumu likipita upande wa ulimi, mzizi huo hulika upande mmoja tu. Ukivuta kwa nguvu, waweza kukatika kipande kikabaki ufizini.

Nawa mikono, shika kila jino la zamani kwa vidole viwili, ulisukume mbele na nyuma. Likicheza, binti alitikise mwenyewe kwa ulimi kutwa, na umpe vya kutafuna: hindi la kuchoma, karoti mbichi, muwa. Likishang'oka, aume kitambaa safi kilichokunjwa kwa dakika 15 bila kukifunua. Lisipocheza kabisa, au miezi 2 hadi 3 ikipita, daktari wa meno alitoe kwa ganzi. Baada ya hapo ulimi huyasukuma mapya mbele polepole, nafasi ikiwapo. Ingekuwa ya juu, ningekuambia uende mapema: yakinaswa nyuma ya meno ya chini mtoto anapouma, hayasogei tena yenyewe.

Mchungulie na nyuma kabisa. Gego la kwanza la kudumu huota umri huu bila jino lolote kung'oka, na wazazi wengi huliacha lioze wakidhani ni la utotoni.

Umanjano ni wa kawaida. Tabaka la ndani la jino la kudumu ni nene na lina rangi hiyo. Msimsugue kwa makaa wala chumvi. Madoa meupe huenda ni ya floraidi, madini ya majini ambayo ni mengi katika visima vingi vya Nakuru, huko kwenu, kwa sababu ya miamba ya volkano. Hulipata jino likiwa bado linaumbwa ndani ya taya. Kuchemsha hakuiondoi: maji yakipungua sufuriani, floraidi huzidi. Mkingie maji ya mvua, mwage ya kwanza yanayoosha paa, kisha chemsha yanayofuata kwa kunywa na kupikia. Magego yake ya pili bado yanaumbwa, kwa hivyo hujachelewa.