Jibu: Taa ya spana inajuaje oili imechoka?

Mkuu, umeuliza kama gari lako linaionja oili kabla ya kuwasha taa ya spana (ile ya kukumbusha sevisi). Mengi hayaionji. Yanahesabu kilomita tu tangu taa iliporisetiwa, basi. Fundi akimwaga oili akasahau kuriseti, taa itawaka na oili bado mpya. Akiriseti bila kumwaga (wapo!), kompyuta inaamini.

Mifumo mingine, kama wa General Motors, inakadiria. Kompyuta inahesabu mizunguko ya injini na kufuatilia joto, kisha inashusha uhai wa oili kutoka asilimia 100. Safari fupifupi ambazo injini haipati moto vizuri zinaishusha haraka. Magari machache yana sensa ndani ya sampo (bakuli la oili chini ya injini) inayopima hali ya oili yenyewe.

Sasa wewe unatoka Mbagala kwenda Posta kila siku. Kwenye foleni injini inanguruma, AC inavuta, kilomita hazisogei. Kwa gari linalohesabu kilomita, muda wote huo haupo. Mimi nisingeisubiri taa. Angalia kitabu cha gari, vingi vina ratiba ya matumizi magumu yenye kilomita chache zaidi.

Ile nyekundu ya kibirika usiichanganye na hii. Hiyo ni presha ya oili imeshuka: egesha, zima injini hapo hapo.

Na chomoa dipstiki (kijiti cha kupimia oili) asubuhi kabla hujawasha, gari likiwa mahali tambarare. Taa inayohesabu kilomita haijui kama oili imepungua.