Maswali ya Wasomaji: Ruta Iliyobadilishwa Programu

SWALI: Ndugu Mhariri, nilinunua ruta ya mtumba aina ya TP-Link TL-WR841N jijini Kampala kwa matumizi ya nyumbani kwetu hapa Jinja. Chini yake pameandikwa Ver: 9.2. Nikiifungua kwenye kivinjari inaleta ukurasa wa OpenWrt (programu huria inayowekwa badala ya ile ya kiwandani), ambao hakuna anayeuelewa nyumbani. Nimebonyeza kitufe cha kuirejesha upya mara kadhaa, na kila mara ukurasa huohuo unarudi. Nimepakua programu kutoka tovuti ya TP-Link, ila jina la faili lina neno “boot”, na rafiki amenionya nisilitumie. Nifanyeje? (Msomaji, Jinja)

JIBU: Kitufe hicho hakina kasoro, ila kazi yake ni kufuta mipangilio, si kubadilisha programu. OpenWrt huweka mfumo wake katika sehemu ya kumbukumbu isiyoandikika, na mabadiliko ya mtumiaji katika sehemu nyingine. Ukibonyeza kitufe, hiyo ya pili ndiyo inayofutwa, na ruta inaamka ikiwa OpenWrt ileile. Programu ya TP-Link haimo tena ndani yake, kwa kuwa kumbukumbu ya ruta yako ni megabaiti 4 tu na haina nafasi ya kuhifadhi mifumo miwili. Ni lazima iletwe kutoka nje.

Umefanya vyema kusoma kibandiko, maana tarakimu iliyo kabla ya nukta ndiyo inayoamua kila kitu: faili liwe la toleo la 9, wala usikubali la 8 au la 10 kwa sababu tu sura za ruta hizo zinafanana.

Rafiki yako naye amesema kweli. Faili lenye neno “boot” limebeba kichwa cha baiti 512 na programu ndogo ya kuwashia ruta ya kilobaiti 128, vyote vikiwa mbele ya programu yenyewe. Ukiliandika jinsi lilivyo, kila kitu kitakaa mahali pasipo pake na ruta haitawaka. Kwa hiyo ondoa baiti 131,584 za mwanzo. Katika Linux amri ni hii: dd if=asili.bin of=safi.bin bs=512 skip=257. Anayetumia Windows anaweza kuzikata kwa programu ya kuhariri baiti, kisha alinganishe ukubwa wa mafaili hayo mawili: tofauti iwe idadi hiyohiyo, isipungue wala kuzidi.

Njia ninayoipendelea haiitegemei OpenWrt hata kidogo. Lipe faili safi jina wr841nv9_tp_recovery.bin, uliweke katika folda ya Tftpd64 (programu ya Windows ya kutuma mafaili kwa kebo ya mtandao), uipe kompyuta anwani ya IP 192.168.0.66 na barakoa ya mtandao (subnet mask) 255.255.255.0, kisha uzime kwa muda ukuta wa ulinzi wa Windows. Unganisha kebo kwenye mojawapo ya matundu manne ya LAN (ya kuunganishia kompyuta), si lile la buluu. Ruta ikiwa imezimwa, shikilia kitufe cha WPS/RESET, iwashe, na usikiachie mpaka uone katika dirisha la Tftpd64 kwamba faili limeanza kuchukuliwa. Wengi hukwama hapa, kwa sababu kompyuta huchelewa kuitambua kebo na ule muda mfupi ambao ruta huomba faili ukapita. Ukiweka swichi ndogo ya mtandao kati ya ruta na kompyuta, tatizo hilo huisha. Baada ya hapo usiguse chochote mpaka ruta ijiwashe yenyewe, kisha ifungue kwa 192.168.0.1, jina admin na nywila admin. Umeme ukikatika katikati ya kazi usifadhaike: sehemu ya kuwashia haiguswi kwa njia hii, hivyo utaanza upya.

Sikushauri ubaki na OpenWrt, kwani mfululizo wa matoleo yake wa 19.07 ndio uliokuwa wa mwisho kwa ruta zenye kumbukumbu ndogo kiasi hiki. Hata hivyo, programu ya kiwandani nayo ni ya miaka mingi, kwa hiyo badilisha nywila siku hiyohiyo na uhakikishe kwamba usimamizi kutoka nje umezimwa.

SWALI: Nimesahau nywila ya ruta yangu ya laini ya simu. Je, nami nipakue programu ya kiwandani? (Msomaji, Arua)

JIBU: La, ndugu yangu. Ikiwa hakuna aliyeibadilisha programu, kitufe kinakutosha: kishikilie ruta ikiwa imewashwa mpaka taa zizime na kuwaka tena, kisha tumia nywila iliyo kwenye kibandiko. Andika kwanza APN (jina la kuunganishia intaneti) ya mtandao wako mahali fulani, kwa sababu huenda nayo ikafutika.