Kwa Mnaojiunga na Timu ya Roboti: Ombeni Daftari Kwanza

Wanafunzi wengi wanaoingia katika timu ya roboti hugombea kazi mbili, yaani kuandika programu na kuiongoza roboti siku ya mashindano. Nami sikuwa tofauti. Nilipokabidhiwa daftari la timu na kuagizwa niandike kila jaribio pamoja na matokeo yake, nililiona kama adhabu ya mgeni, maana mshika kalamu hapigiwi makofi. Leo ninafanya matengenezo ya mitambo kiwandani, na nikijiuliza kazi hii nilianza kuijifunza wapi, jibu ni daftari lile kuliko roboti yenyewe.

Katika FIRST Tech Challenge, mashindano ya roboti ya wanafunzi, sekunde 30 za mwanzo roboti hujiendesha yenyewe kwa programu iliyoandaliwa mapema, kisha wanafunzi huiongoza kwa dakika 2. Roboti yetu ilitusumbua katika zile sekunde 30: mara isimame pale pale tulipotaka, mara ipitilize na kugonga ukingo wa uwanja. Mwandishi wa programu aliwalaumu waliofunga magurudumu, nao wakamlaumu yeye, na kwa wiki nzima tulibadilisha namba bila kujua tunatibu ugonjwa gani. Nilipofunua kurasa za nyuma niligundua kwamba karibu kila ilipopitiliza, betri ilikuwa imetoka kwenye chaji muda si mrefu. Programu yetu iliziamuru mota zizunguke kwa sekunde kadhaa, na kwa kuwa betri iliyojaa huzizungusha kwa kasi kuliko iliyochoka, muda uleule ulizaa umbali tofauti. Tukaacha kuhesabu sekunde, tukahesabu mizunguko ya gurudumu kwa kihisi kilichokuwa ndani ya mota tangu iliponunuliwa, ambacho waya wake tulikuwa tumeuacha ukining'inia!

Ugomvi uliisha siku hiyo, na haukuishia kwa mmoja kumshinda mwenzake kwa maneno. Kiwandani mkanda wa mashine ukisimama, zamu ya mchana huilaumu zamu ya usiku kwa namna ileile, nami huanza kwa kuuliza kitabu cha kumbukumbu kiko wapi.

Wazazi huuliza kama roboti itamharibia mtoto masomo. Swali lao ni la haki, na msilijibu kwa ahadi kubwa. Medali haitawaingiza chuo cha uhandisi ikiwa hesabu na fizikia zimeanguka, kwa hiyo mtihani ukikaribia, wekeni spana chini mkasome. Timu haichukui nafasi ya darasa. Inachofanya ni kuwaonyesha kwamba volti na mzingo wa duara mlivyovikariri ubaoni vina kazi.

Wapo ambao kazi ya roboti iliwafikisha mbali zaidi. Timu ya wasichana kutoka Herat, Afghanistan, ilinyimwa viza mara mbili kabla ya kuruhusiwa dakika za mwisho kuingia Marekani kwa mashindano ya kimataifa ya roboti ya FIRST Global mwaka 2017. Mwaka 2020, korona ilipoukumba mji wao, wasichana wa timu hiyo walishughulika kuunda mashine ya bei nafuu ya kusaidia kupumua kwa kutumia vipuri vya Toyota Corolla. Vipuri vya namna hiyo vimejaa katika gereji zetu pia. Kinachovuta fikra zangu ni kwamba walikuwa wamekwisha kuzoea kutazama kifaa kilichopo na kuuliza kinaweza kufanya nini kingine.

Basi mkifika siku ya kwanza, ombeni daftari hata kama hamkupewa. Andikeni tarehe, volti ya betri kabla ya jaribio, kitu kimoja tu mlichobadilisha, na kilichotokea hata kama kinaaibisha. Mkibadilisha vitu viwili kwa mkupuo, rudisheni kimoja na mjaribu upya kabla hamjaandika lolote.