Karo linafurika kila masika: nichimbe zaidi?

SWALI: Shikamoo fundi. Tumejenga nje kidogo ya mji wa Shinyanga, kwenye udongo wa mbuga. Tuko watu sita, tuna choo cha maji na bafu. Kutoka kwenye karo maji yanaingia shimo la kunyonya lenye futi 12. Kiangazi hatuna shida, ila mvua zikikolea maji yanarudi mpaka bafuni. Fundi anashauri tuongeze shimo lifike futi 20. Tumpe kazi?
– Mama Watatu, Shinyanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimpe. Kuongeza kina ndilo jibu letu mafundi kila tunapokwama, na kuchimba tunalipwa kwa futi.

Kiangazi mbuga hupasuka nyufa za kuingiza mkono, na maji yako hupotelea humo. Mvua zikinyesha, udongo huo wa mfinyanzi unavimba, nyufa zinajifunga, maji hayana pa kupenya. Shimo la futi 20 litakuwa karo la pili tu, na huenda likajazwa na maji ya ardhini kabla hamjaoga.

Chukua udongo mbichi kiganjani, uusukume kwa kidole gumba utoke utepe. Utepe ukizidi sentimita 5 bila kukatika, huo ni mfinyanzi mzito. Kisha, masika haya haya, chimba kishimo cha futi mbili, kijaze maji kilale, asubuhi ongeza maji upime yanavyoshuka. Yakitumia zaidi ya saa nzima kushuka sentimita mbili na nusu, achana na mashimo. Kipimo cha Septemba kitakudanganya kwa sababu ya zile nyufa.

Kinachofaa hapo ni tuta la mchanga juu ya ardhi. Wamarekani wa Wisconsin waliliboresha miaka ya 1970 kwa ajili ya udongo mgumu kama huo. Unakwatua ardhi ikiwa kavu (ukilima mfinyanzi mbichi, jembe linausiriba ukang'aa, vinyweleo vikaziba), unamwaga mchanga mkubwa safi angalau sentimita 30, juu yake kokoto na mabomba yenye matundu, kisha udongo na nyasi. Mchanga unachuja, na maji yanafika kwenye mfinyanzi yakiwa yametawanyika eneo pana.

Ukubwa wa eneo ndio wenyewe. Watu sita kwa lita 80 kila mmoja ni lita 480 kwa siku. Kwenye mfinyanzi sizidishi lita 10 kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo kitako cha tuta kiwe mita za mraba 48: mita 3 kwa 16, refu na jembamba, likikingama na mteremko. Kisima kikae mbali, mita 30 au zaidi.

Tuta liko juu kuliko karo, kwa hiyo utahitaji chemba yenye pampu ndogo ya boya, inayojiwasha maji yakipanda. Hapo ndipo hela itakapokwenda. Lakini pampu inapeleka maji kwa vipindi, mchanga unapata kupumua, na ule utando mweusi wa vijidudu unaoziba udongo unachelewa kujijenga.

Maji ya bati yaelekeze kwingine kabisa, na mwembe usipandwe karibu na mabomba.